Nyumba ya Mwisho Kabla ya London

Mtaani kwetu Shauri Moyo kila mtu alijua kwamba London ni mwendo wa saa tisa. Hakuna aliyejua ni kilomita ngapi wala iko upande gani wa dunia, lakini hizo saa tisa walizitamka kama watu waliokwenda juzi wakarudi. Elimu yenyewe ilitoka kwa jirani yetu mmoja aliyewahi kupakia mizigo kwenye uwanja wa ndege kwa miaka mitatu, akafukuzwa, akanunua pikapu kuukuu ya kubebea marobota ya mitumba ya Gikomba. Hakuwa amepanda ndege hata siku moja. Alizizungumzia ndege kama mkunga azungumziavyo watoto: zote zilipita mikononi mwake.

"London ni saa tisa," alikuwa akisema kwenye baraza ya nyumba yetu, kikombe cha kahawa mkononi. "Nane na nusu kama upepo uko na roho safi."

Na watu wazima wenye ndevu wakaitikia kwa vichwa.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, somo la jiografia, na sikuwa na kazi ila kudharau. Niliifanya kwa bidii. Nilidharau kahawa yao, nikadharau siasa zao za kunong'ona, nikadharau hadithi zao za majini wa Pumwani. Na kila jioni nilikuwa wa kwanza kufika barazani.

Mwaka huo dada yangu, aliyekuwa ameolewa London, alimtumia Baba tikiti ya ndege. Alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza na alitaka babu wa mtoto awepo siku ya akika, ya kumchinjia mtoto. Tikiti ilikuwa moja, kwa hiyo Mama alibaki. Tikiti ilikuwa ya mwezi wa Julai, na Ramadhani mwaka huo iliangukia Julai.

"Nitapanda nimefunga," Baba akasema.

Baba aliuza mikoba ya ngozi na makubadhi pale sokoni Kariokor, na alikuwa na ugonjwa wa sukari. Daktari alimkataza kufunga. Baba alisema daktari yule ni mtoto, na kwamba sukari si ugonjwa, sukari ni umri. Kuitwa mgonjwa kwake kulikuwa kubaya kuliko kuitwa mwizi. Mwizi angalau ana nguvu za kukimbia. Kwa hiyo alifunga kila mwaka, na saa zetu kumi na tatu za hapa Nairobi alizimudu, kwa shida lakini alizimudu. Zaidi ya hapo hakuweza. Ramadhani iliyotangulia alikwama sokoni akibishana na mteja juu ya mkanda, akachelewa kufuturu kwa saa moja na nusu, akaanguka mlangoni petu kama gunia. Mama alimmiminia maji ya sukari kinywani kwa kijiko, na mimi nilikishika kile kichwa nikakiona kizito kupita kiasi. Siku mbili baadaye alikuwa amefunga tena.

Ndipo nikachukua uzi wa Mama wa kushonea na ramani yangu ya shule. Nilipata kilomita karibu elfu saba. Nikagawanya kwa mwendo wa ndege, nikapata saa tisa, jambo lililoniudhi, kwa kuwa ilinibidi kukiri kwamba mpakia mizigo alikuwa sawa. Lakini safari si saa tu. Niliichukua hesabu yangu mpaka barazani.

"Ndege itaondoka saa nne asubuhi," nikawaambia. "Itafika saa moja jioni, kwa saa ya hapa. Sisi hapa tutakuwa tumeshafuturu. Lakini London itakuwa saa kumi na moja ya alasiri, na mwezi huu kule jua huzama saa tatu na zaidi usiku."

Wakacheka, vikombe vikatikisika.

"Jua lizame saa tatu usiku?" akauliza mmoja. "Sasa usiku ndio nini?"

"Msomi, wacha hesabu za chuo," akasema mwenye pikapu. "Jua ni moja. Likizama, limezama. Ama wazungu walinunua lao?"

Nikaleta ndimu na tochi. Nikaizungusha ndimu kwenye mwanga, nikawaonyesha Nairobi kwa ukucha wangu, nikawaonyesha London karibu na kikonyo, nikaeleza jinsi dunia inavyolala upande. Walitazama kwa utulivu mkubwa. Nilipomaliza, mwenye tochi aliomba arudishiwe kabla mawe ya betri hayajaisha, na mwingine akaikamulia ile dunia kwenye chai yake.

Aliyenielewa alikuwa mtu mmoja tu, maalim wa madrasa yetu, mzee mwembamba aliyekuwa akiswalisha pia. Alihesabu vidoleni. "Kutoka alfajiri ya hapa mpaka magharibi ya kule," akasema, "ni saa kumi na nane."

"Zitamuua," nikasema.

Baba alikuwepo, amekaa mlangoni akishona ukingo wa mkoba. Hakuinua macho. "Sitakufa mimi kwa kukaa kwenye kiti."

Maalim akamweleza. Msafiri ameruhusiwa kula. Atailipa siku hiyo baadaye. Na umbali wa safari inayompa mtu ruhusa si mkubwa, ni marhala mbili za ngamia, mwendo wa siku mbili, kilomita themanini na kitu. Nilipiga hesabu ya haraka: ndege ingemaliza marhala mbili za ngamia kabla abiria hawajafungua mikanda. Nikalisema hilo kwa sauti. Hakuna aliyeniuliza.

"Safari ya kukaa na kufunikwa blanketi," Baba akasema, "ina taabu gani hata mtu aombe ruhusa?"

"Ruhusa ni zawadi ya Mola wako," akasema maalim. "Ukiikataa zawadi unamwonyesha nini?"

Baba alishona mishono mitatu au minne kabla ya kujibu. "Sawa. Sharti lake?"

Sharti lake ndilo lililotutesa. Kwa madhehebu yetu, alivyofundisha maalim, ruhusa ni ya yule ambaye alfajiri imemkuta ameshatoka mjini. Alfajiri ikikukuta bado uko kwenye nyumba za mji wako, siku hiyo umeshaianza kama mkazi, na utaimaliza umefunga hata kama unakwenda mwezini.

"Basi hivyo," Baba akasema. "Alfajiri ikinikuta njiani kabla sijatoka mjini, nafunga mpaka jua lizame mahali nilipo. Hata likizama kesho. Na mtu asinibembeleze."

Nilimjua. Yale hayakuwa maneno ya barazani. Kwa hiyo uhai wa baba yangu, katika safari ya kilomita elfu saba, ulikuwa umetundikwa kwenye kilomita chache kati ya mlango wetu na mahali Nairobi inapoishia.

Na Nairobi inaishia wapi? Jioni tatu zilipotea kwenye swali hilo. Kwa ramani ya baraza la jiji, mji unaumeza uwanja wa ndege, unameza na mbuga nzima pamoja na simba wake. Maalim aliikataa ramani hiyo kwa mkono mmoja. "Mji ni nyumba. Nyumba zikikatika, mji umekwisha." Siku hizo njia ya kwenda uwanjani ilipita kwenye uwanda mtupu wa majani na ng'ombe, kwa hiyo uwanja ulihesabika kuwa nje. Ilibaki kuijua nyumba ya mwisho. Mimi, mwenye shahada ya jiografia, niliyeandika tasnifu juu ya mipaka ya mabonde, nilipanda pikapu ya jirani alasiri moja kwenda kutafuta nyumba ambayo ikipitwa mtu anaruhusiwa kula yai. Tuliipata. Ilikuwa kibanda cha mabati chenye mlango wa buluu na mbuzi mmoja amefungwa mbele. Kutoka kwetu ilituchukua dakika ishirini.

Nikaandaa kila kitu. Saa yangu niliipatanisha na redio. Karatasi ya msikiti ilionyesha alfajiri saa kumi na moja na dakika kumi na nne. Tungeondoka saa kumi na nusu, na tungebakiwa na dakika ishirini na nne za ziada. Kwa mtu mwenye akili dakika ishirini na nne ni nyingi. Nilisahau tunaishi na nani.

Siku ya safari, saa kumi na nusu alfajiri, uani kwetu palikuwa na watu kama arobaini. Kwetu mtu hasafiri; huagwa. Kumwacha jirani aende ng'ambo bila kumshika mkono ni utovu wa adabu ambao ungezungumzwa mpaka kwa wajukuu. Kwa hiyo kila mmoja alimshika mkono, na kila mmoja alikuwa na kifurushi. Halua. Vikoi viwili. Barua ya mtu aliyekuwa hajui anuani. Bibi mmoja wa nyumba ya nne alimletea chupa ya achari ya ndimu iliyofungwa kwa kitambaa.

"Mpe mwanangu kule London."

"Mwanao anakaa London sehemu gani, bibi?" nikauliza.

"Si ni London? Ataulizia."

"Bibi, London ina watu mamilioni."

"Na weusi wenye jina lake ni wangapi?" Akanitazama kwa huruma. "Umesoma mpaka umekuwa mjinga, mjukuu wangu."

Chupa ikaingia kwenye mkoba. Saa ilikuwa kumi na dakika arobaini na mbili.

Halafu dua. Maalim yule yule, aliyetoa sharti, aliyejua kwa dakika ni lini alfajiri ingeingia, aliinua mikono akaanza. Aliwaombea manabii na masahaba. Aliwaombea marehemu wetu mmoja mmoja. Alimwombea rubani, akaiombea injini, akaziombea mbawa zote mbili, wa kulia kwanza. Nilimsogelea.

"Maalim, alfajiri."

"Kijana, tunamwombea baba yako."

"Unamwombea mpaka umnyime chakula."

"Amina!" watu wakaitikia, wakidhani ni sehemu ya dua.

Bado kulikuwa na Mama. Msafiri hupita chini ya msahafu mara tatu, na Mama alisimama kwenye kigoda mlangoni ameuinua kwa mikono miwili. Mara ya tatu kofia ya Baba ikaanguka. Pakawa na mashauriano: kofia ikianguka, hiyo mara imehesabika au haikuhesabika? Wanawake watatu walisema imehesabika. Wawili walisema hapana. Baba akapita mara ya nne ili aondoe shaka. Nilikuwa nimesimama kando ya pikapu na saa yangu, natukana kimoyomoyo kwa lugha mbili. Hawa ndio watu waliompenda. Wote walijua sharti, kila mmoja alikuwa ameniambia mwenyewe, "Mwahi, mwahi, mzee asije akafunga." Na kila mmoja alihesabu kwamba wa kuchelewesha ni yule wa nyuma yake.

Tuliondoka saa kumi na moja kasoro dakika tatu.

Tulikuwa watatu mbele: jirani kwenye usukani, Baba katikati, mimi dirishani. Saa ya pikapu ilikuwa imekufa zamani. Baba alifumba macho akawa anasoma nyiradi polepole, midomo ikicheza. Nilimwambia jirani akanyage.

"Nimekanyaga, msomi. Hii si ndege."

"Ulisema dakika ishirini."

"Ile siku tulikuwa hatujabeba mizigo ya mtaa mzima."

Mshale wa saa ulipofika dakika ya kumi na nne, tulikuwa bado na nyumba kushoto na kulia. Taa moja hapa, moja pale; mama mmoja akimwaga maji mlangoni. Kama kulikuwa na adhana mahali, injini iliifunika. Kwa mbali, upande wa uwanda, mbingu ilikuwa imeanza kupauka chini, mstari mwembamba kama ukingo wa sahani. Nyumba yenye mlango wa buluu tuliipita saa kumi na moja na dakika ishirini. Mbuzi alikuwa amelala. Baba bado alikuwa amefumba macho.

Uwanjani tulishusha mizigo, tukatandika mkeka kwenye majani kando ya maegesho, tukaswali alfajiri. Nami niliswali, kwa sababu kubishana kungechukua muda mrefu kuliko rakaa mbili. Baba alipotoa salamu hakuinuka. Jirani alikuwa amekwenda kutafuta toroli.

"Saa yako ni sahihi?" akauliza.

"Ya redio, Baba."

"Ile nyumba ya buluu, tuliipita lini?"

Niliitazama tena saa, akadhani sikuelewa. Akageuka kunitazama vizuri, na uso wake katika mwanga ule ulikuwa wa kijivu, ngozi imeshuka chini ya macho.

"Nakuuliza wewe," akasema, "kwa sababu wewe huna dini. Usishtuke, najua, na mama yako anajua. Wale wengine wangenionea huruma. Maalim angenionea huruma. Wewe utaniambia kilichoandikwa kwenye saa, hata kama kinaniumiza. Hiyo ndiyo tabia yako tangu mdogo, na imetuudhi sana. Niambie."

Maisha yangu yote nilikuwa nikiwasuta watu kwa jambo hilo hilo: kwamba wakitaka kitu kiwe kweli, wanakisema tu. Nilikuwa nimewavunjia heshima watu wazima mbele ya watoto wao kwa ajili ya kilomita kumi zilizozidi kwenye hadithi. Sasa niliulizwa swali rahisi kuliko yote niliyowahi kuulizwa, na jibu lake lilikuwa mkononi mwangu, lina mshale.

"Dakika sita kabla," nikasema.

"Sita."

"Kabla."

Alinitazama kidogo, kisha akasema, "Alhamdulillahi," akavuta mkoba wake, akatoa yai la kuchemsha Mama alilomfungia. Sikuwahi kumwona baba yangu akila mchana wa Ramadhani. Alinigeuzia mgongo, kama mtu anayebadilisha nguo, akalimenya yai lile polepole na kulila. Maganda akayakusanya yote kiganjani.

Wakati wa kurudi, tulipoiona tena nyumba yenye mlango wa buluu, jirani alipunguza mwendo.

"Aisee, msomi," akasema. "Mimi macho yangu asubuhi yaliona weupe huku chini kabla hatujafika hapa. Na mzee nimemwona na maganda ya yai."

"Ulikuwa unaendesha gari ama unatazama mbingu?"

"Nilikuwa nauliza tu." Akacheka puani. "Na bado unatucheka na ndimu yako."

Jioni magharibi ilipoadhiniwa tulifuturu, Mama na mimi. Aliniuliza kama mzee atakuwa amekula. Nikamwambia amekula. Aliniuliza ninajuaje. Nikamwambia nilimwona. Baada ya hapo nilikaa barazani nikihesabu, peke yangu safari hii: sasa anatua, sasa anapanga foleni na ile achari, na jua bado liko juu ya kichwa chake, na lina saa nne na zaidi za kukaa hapo. Wenzangu walikuwa wakisema mzee sasa amefuturu London. Sikuwasahihisha.

Kesho yake dada alipiga simu kwenye duka la mwarabu wa kona. Baba alikuwa mzima. Alikuwa amekula ndegeni, ameikataa nyama, amekula mkate na samaki na matunda, akanywa dawa yake kwa saa yake. "Lakini umemfanya nini?" akauliza dada yangu. "Tangu afike hana hadithi nyingine. Kila mgeni wa akika anaambiwa jinsi alivyotoka Nairobi dakika sita kabla ya alfajiri, na kwamba aliyepima ni mwanawe wa chuo kikuu."

Hadithi hiyo ilirudi naye baada ya miezi miwili. Barazani iligeuka sheria. Watu walioicheka ile kweli niliyowaonyesha kwa tochi, sasa waliniapia kwa uongo wangu. Maalim mwenyewe aliwatolea mfano watoto wa madrasa: tazameni faida ya elimu ya dunia ikitumika vizuri. Mwenye pikapu alikunywa kahawa yake akanikonyeza, na hata kukonyeza kwake nilikudharau, nikashukuru vilevile.

Baba aliilipa siku yake Jumatatu moja baada ya kurudi. Siku moja, kama inavyompasa msafiri. Nilimpelekea ngozi Kariokor mchana huo nikamkuta amekaa kwenye kigoda chake, midomo imekauka, anagonga vifungo kwenye mkoba kwa nyundo ndogo. Mteja mmoja, mtu wa makamo, alikuwa amemwagizia chai, na kikombe kilikuwa kimekaa kwenye meza kinapoa.

"Mzee, kunywa. Ramadhani ilikwisha zamani."

"Nalipa siku ya safari," Baba akasema. "Nilikula ndegeni. Ilikuwa haki yangu, nilikuwa nimeshatoka mjini kabla ya alfajiri." Akaninyooshea nyundo. "Muulize huyu. Huyu hampendelei mtu."

Mteja aligeuka kunitazama. Baba naye alikuwa akinitazama, anangoja.

"Dakika sita," nikasema.